Neno la Siri Ambalo Hukulibadilisha

Kavira mwanangu,

Mmetoka sasa hivi, wewe na mama yako, mmekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na mvua inapiga bati kiasi kwamba sisikii redio. Nimeizima. Nimekaa jikoni, kwenye meza yako ya kusomea, mahali ambapo katika nyumba hii sikuwahi kukaa nikafikiri. Sanduku lako limeshafungwa. Mambo ya blanketi, ya kuchemsha maji, ya kutomjibu kila mtu kwenye parking ya magari, mama yako amekueleza mara tatu, na mara ya tatu nilikuona unatazama dari. Mimi sitaongeza.

Nina jambo moja tu, na jambo lenyewe ni Wi-Fi. Najua ukiona neno hilo utataka kuikunja barua hii na kuitia kwenye mbabula iungue pamoja na makaa. Ngoja kwanza.

Watu wananiuliza: Kambale, kwa nini binti anakwenda kusomea uuguzi Beni, na shule kama hiyo ipo hapahapa Butembo, tena ukisimama nyuma ya karakana yako unaona paa lake? Nawajibu kwamba Beni wanafundisha vizuri zaidi. Sijui kama wanafundisha vizuri zaidi. Ninachojua ni kwamba ulijaza fomu za Beni wiki ileile niliyokurudishia simu yako. Na barabara ya Beni na hatari zake tunaijua sote, hakuna mzazi anayempandisha mtoto gari la huko kisha akala chakula chake kwa raha. Hukuchagua shule. Ulichagua kutoka kwangu. Hayo hujaniambia, na mimi sijakuuliza, kwa sababu nikikuuliza utanijibu.

Basi nianze mwanzo, hata sehemu unazozijua, ili uone jinsi mtu mzima anavyoweza kupotea ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Simu yangu ilikuwa ikinisumbua muda mrefu na hiyo mise à jour yake. Kila asubuhi ujumbe: programu mpya iko tayari. Nami kila asubuhi nabonyeza "baadaye". Jumamosi moja nikatoka karakana mikono imejaa vumbi la mbao, nikabonyeza bila kusoma. Simu ikazimika, ikawaka, ikazimika tena, nusu saa nzima naitazama kama mgonjwa. Ilipoamka haikuwa simu yangu tena. Alama zote wamezihamisha. Ile ya Wi-Fi nilikuwa naijua kwa kidole, bila miwani. Sasa iko ndani ya kisanduku kilicho ndani ya kisanduku kingine. Nani aliwaomba? Mtu akiingia karakana kwangu akanihamishia misumeno yote, kisha akaniambia amenisaidia, namfukuza na msumeno mkononi.

Hayo ningeyavumilia. Lakini Wi-Fi yenyewe ikakataa. Niko sebuleni kwenye kiti changu, naliona jina la Wi-Fi yetu, KAMBALE, mistari yake yote imejaa, nabonyeza, inazunguka, inazunguka, kisha: *Mot de passe incorrect*. Neno la siri nililichagua mwenyewe, ni jina la bibi yako na mwaka tuliooana na mama yako. Silisahau hata nikiwa na homa. Naandika tena. Incorrect. Herufi kubwa mwanzoni. Incorrect. Herufi ndogo zote. Incorrect. Nikavaa miwani, nikaliandika kwanza kwenye karatasi, nikanakili herufi moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza. Incorrect.

Nikachomoa modemu kwenye betri ya sola, nikahesabu hadi mia, nikairudisha. Nikaiambia simu iusahau mtandao huo; ikausahau vizuri sana, kisha ikanidai neno la siri upya na kulikataa upya. Nikaipeleka kwa fundi wa simu mjini. Akaniambia, "Papa, tunafanya réinitialisation, itaisha." Akafuta kila mtandao ambao simu hiyo iliwahi kuujua. Pale kwake ikakubali Wi-Fi yake bila shida, nikamshukuru, nikarudi nyumbani, nikaketi sebuleni. Incorrect.

Na haya yote wiki ambayo watu wa kanisa dogo la Kanyabayonga walikuwa wamenitumia picha na vipimo vya mabenchi yao, niwajibu kabla ya Ijumaa kama naweza kazi hiyo. Mégas zangu za intaneti hazikutosha kufungua hata picha moja. Nilipowapata kwa sauti, walikuwa wameshampa seremala mwingine. Kanisa zima la mabenchi, Kavira. Nilipiga teke ndoo ya gundi, na bado ile gundi iko sakafuni.

Wewe siku zote hizo ulikuwa hapa jikoni, kwenye meza hii, simu imeegemea sufuria, mwalimu kwenye video anaeleza mishipa ya damu, wala hakwami. Nikaja kukuuliza.

"Kavira, kwako Wi-Fi inaingia?"

"Inaingia, Papa."

"Na juu ya nini kwangu inakatala?"

"Sijue. Lete nione."

Ukaishika simu yangu hapahapa, ukaandika neno lilelile mbele ya macho yangu, ikaingia. Nikarudi nayo sebuleni, nikaketi, ikakatika: *Mot de passe incorrect*. Nikarudi jikoni, ukaishika, ikaingia. Sebuleni ikakataa. Mara nne. Mara ya nne ukacheka kidogo, ukasema, "Papa, simu yako iko inakuogopa." Ulikuwa unatania tu. Mimi nikasema moyoni: kumbe. Akishika huyu inakubali, nikishika mimi inakataa. Huyu amebadilisha neno la siri, analificha kwa kidole anapoandika, anataka Wi-Fi yote iwe yake.

Nimejaribu kukumbuka kama kulikuwa na dakika hata moja niliyofikiri jambo lingine. Haikuwepo. Mimi kazi yangu ni kupima, miaka yote hii, na sikuona kwamba kila mara kilichobadilika hakikuwa mkono. Kilikuwa chumba.

Mama yako alinionya mapema. "Kambale," alisema, "uko unagombana na simu ama na mutoto?" Nikamwambia asiingilie mambo ya mashine.

Jumapili nikawaita baba yako mkubwa Paluku na shangazi yako Masika. Kuwaita wakubwa wa ukoo kwa sababu ya Wi-Fi! Nikiandika hivi masikio yanawaka moto. Lakini siku ile nilijiambia kwamba jambo si Wi-Fi, jambo ni mtoto anayemfungia baba yake mlango ndani ya nyumba yake. Nilieleza vizuri sana. Hasira inanipa ufasaha, unajua. Wewe ulisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi.

"Mi hapana badilisha kitu, Papa. Mot de passe iko ile ile."

Shangazi yako akasema, "Mutoto, sema ukweli tu, hapana ogopa."

"Huu njo ukweli, Shangazi."

Paluku alikuwa ametazama saa mara tatu. Chakula kilikuwa tayari, harufu ya sombe imejaa sebuleni. "Bon," akasema, "omba papa yako pardon, mambo iishe, batu baende kula."

Ulinitazama. Ulinitazama muda mrefu, ukinisubiri. Sijui ulisubiri niseme nini. Labda niseme basi, inatosha, namwamini. Sikusema. Ndipo ukapiga magoti pale kwenye sementi, ukasema, "Papa, unisamehe. Ni mie nilibadilisha."

Nami nilifurahi. Hilo ndilo neno gumu kuliko yote katika barua hii, na nimelifuta mara mbili. Nilifurahi. Nikakwambia: haya, sasa sema hilo neno jipya. Ungesema nini, maskini, na neno jipya halikuwepo? Ukanitajia lilelile la zamani. Nikaliandika mbele ya wakubwa, likakataliwa, nikasema unanichezea mbele ya watu. Nikachukua simu yako, na masomo yako yote ndani yake, nikaifungia kwenye sanduku la patasi zangu siku kumi na moja. Hukulia. Tangu siku hiyo unanijibu ninachokuuliza, na huongezi hata neno moja.

Shangazi yako naye hana breki mdomoni. Binamu zako wakaanza kuficha simu zao ukiingia, eti utani. Niliwaona wakifanya hivyo siku ya ubatizo kule kwa Paluku, nami nikacheka pamoja nao.

Sasa yale usiyoyajua.

Siku ya kumi na moja jirani yetu wa upande wa sebule, yule mwenye malori ya njia ya Beni, alinisimamisha kwenye uzio. Uso umechoka.

"Voisin," akasema, "kwako kuko mutu anajua mambo ya Wi-Fi? Ya kwangu imenichokesha. Bibi yangu akikaa kwa veranda, mot de passe incorrect. Akiingia ndani, inakubali. Nilishagombana na petit frère yangu, mudogo wangu kabisa, bure."

Nikamuuliza aliiweka lini. Akasema Jumamosi fulani, akanionyesha kile kisahani cha intaneti juu ya bati lake. Ilikuwa Jumamosi ileile ya mise à jour yangu. Kisahani nilikuwa nimekiona kinapandishwa, nikakionea wivu, nikaingia ndani.

"Na jina yake uliandika nini?"

"Fundi aliuliza jina. Nikamuambia Kambale."

Nikatazama bati lake, kisha langu.

"Na ya kwako?" akauliza.

"Kambale."

Kwetu sisi Wanande mtoto wa kiume wa pili ni Kambale, hata kabla baba yake hajamwona. Piga kelele jina hilo sokoni uone wangapi watageuka. Fundi anauliza jina, wewe unataja jina lako, nani atafikiria zaidi? Watu wanatutofautisha bila shida: Kambale seremala, Kambale wa malori. Simu haijui seremala. Iliona KAMBALE mbili, ikadhani ni moja, ikashika ile yenye nguvu. Sebuleni yenye nguvu ni ya jirani. Ikampelekea neno langu la siri, nayo Wi-Fi yake ikalikataa, na ilikuwa na haki. Jikoni yenye nguvu ni yetu. Basi, ni hayo tu. Mise à jour haikuwa na kosa zaidi ya kunihamishia alama. Na fundi aliponifutia kila kitu, alinifutia bure.

Jirani alicheka mpaka akaushika uzio. Nami nilicheka. Kisha nikakuona kupitia mlango wa jikoni, umeinama unamenya ndizi, na kicheko kikaniisha. Saa hiyohiyo akabadilisha jina la kwake, akaandika KAMBALE MALORI. Nikaenda sebuleni, nikaketi kwenye kiti changu, ikaingia mara moja.

Ukaniletea chai. Ukaona video inacheza mkononi mwangu. "Imekubali, Papa?" Sauti yako ilikuwa na kitu ambacho sijakisikia tena tangu hapo. Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni, Kavira, tayari kabisa, ilikuwa imebaki kuitoa. Nikasema, "Ni mise à jour ingine. Balitengeneza." Kisha nikafungua sanduku la patasi, nikakupa simu yako, nikasema, "Nimekusamehe."

Ukasema, "Aksanti, Papa," ukachukua sinia, ukaenda.

Miezi miwili nimebeba hilo "nimekusamehe". Naamka nalo, nakula nalo. Nilijiambia mtoto ameshasahau. Nilijiambia wakubwa walishamaliza, nikifufua nitawaaibisha. Nilijiambia nitakueleza siku tukiwa wawili tu, na tulipokuwa wawili tu nikakuuliza kama kuna makala ya kutosha ya kuwashia mbabula.

Nikueleze kitu kimoja cha zamani, si kwa kujitetea. Nilipokuwa najifunza kazi kule Vuhovi, nilipewa mita ya kupimia iliyokatika mwanzoni. Sentimita mbili za kwanza hazikuwepo. Nilijua, kila mara nikikata ubao naongeza mbili. Siku moja nikasahau. Mlango ukatoka mfupi, mwanga ukapita chini yake. Nikamwambia mwenye nyumba, mama mmoja mkulima wa maharage, kwamba fundi wake wa matofali alijenga vibaya. Akamwita fundi yule, akamgombeza mbele yangu, naye akabomoa kizingiti kizima akakijenga upya bila kujibu. Nilimwona anachanganya udongo huku mita yangu iko mfukoni. Sikusema. Nilidhani ni kwa sababu namwogopa bwana wangu wa kazi, ningefukuzwa.

Leo sina bwana. Karakana ni yangu, nyumba ni yangu, hakuna wa kunifukuza, na nilinyamaza vilevile. Kwa hiyo haikuwa woga wa bwana. Kukosea kunaniuma, lakini kuonekana nimekosea kunaniuma zaidi, na nimekubali wengine wabomoe na kujenga upya ili mimi nisionekane. Una pua yangu na una miguu yangu. Kama umechukua na tabia hii, usiilee.

Huko Beni utafanya kazi na mashine za watu wagonjwa, nazo zitakukatalia, na hasira itakupanda kama yangu. Siku moja utakuwa wewe mkubwa wa chumba, na mdogo wako wa kazi atasimama mlangoni akisema si mimi. Ichukue hiyo mashine utembee nayo hadi chumba kingine kabla hujamtazama usoni. Kutoka sebuleni hadi jikoni ni hatua kumi na mbili, nimezihesabu leo. Nilizitembea mara nne na sikuziona.

Na usikubali tena kosa ambalo si lako eti watu waende kula. Waache wakae na njaa. Hata kama ni mimi nimekaa pale.

Mchana huu, kabla ya mvua, nilikwenda dukani kwa Paluku nikamweleza yote. Alinisikiliza akipanga mabati yake. "Simu ulishamurudishia," akasema. "Juu ya nini unafufua tena? Mutu mukubwa akiomba mutoto pardon mbele ya batu, nyumba inageuka."

"Ilishageuka, Yaya," nikamjibu kaka yangu. "Anaenda Beni."

Akasema hatakuja. Sijui. Kwa shangazi yako ilikuwa kinyume: alilia, akanigombeza mpaka majirani wakatoka, akaniita majina ambayo sijaitwa tangu utotoni, kisha akasema atakuja, na atawaleta binamu zako wote, hata wale wadogo, kwa sababu na wao walicheka.

Kwa hiyo kesho saa kumi na mbili asubuhi, kabla gari halijafika, tutakuwa sebuleni. Hutasimama mlangoni, utakaa kwenye kiti changu. Nitayasema yote kwa mdomo, kuanzia Jumamosi ile hadi leo, kwa sababu barua nayo ni mahali pa kujificha, na nimejificha vya kutosha. Naogopa, sikufichi. Naogopa kuliko siku nilipokwenda kumposa mama yako.

Nakuomba kitu kimoja tu: usinisaidie. Nakujua. Katikati utataka kusema, "Papa, basi, ilishaisha," ili watu wasione aibu na mimi ninyanyuke. Usiseme. Niache nimalize. Ukitaka kwenda Beni na hasira yako, nenda nayo, ni mali yako, sikuombi uiache hapa kwa sababu tu nimesema.

Lakini ujue kwamba najua nilichokufanyia, na si suala la simu. Uliposema ukweli, nilikuadhibu. Uliposema uongo, nilifurahi.

Baba yako